Ukuta, mlango au kitambaa: pa kuziweka nyekundu, njano na bluu nyumbani

Anayetaka nyumba yenye nyekundu kali, njano ya kuwaka na bluu iliyokolea ana njia tatu. Anaweza kupaka ukuta mzima. Anaweza kuacha kuta nyeupe na kupaka mbao na chuma, yaani milango, fremu, viti, kabati na grili. Au anaweza kuleta rangi kwa vitambaa peke yake. Wengi huanza na ukuta kwa kuwa ndio mkubwa na ndio unaoonekana kwanza, na kwa nyumba nyingi huo ndio mwanzo mgumu kuliko yote. Mlango mmoja na viti vinne vilivyopakwa vizuri huchangamsha sebule kwa lita mbili za rangi, na ukivichoka hulazimiki kuhamisha samani wala kuita fundi kupiga nyumba nzima.

Hesabu zote hapa ni za sebule ya mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7, yenye mlango mmoja na madirisha mawili.

| | Ukuta mmoja wa mita 4 | Mlango na viti vinne | Vitambaa |
|---|---|---|---|
| Eneo | mita za mraba 10.8 | takriban 9.5 | dirisha moja, mito sita |
| Vifaa | andakoti (rangi ya kutangulia) lita 1 na zaidi kidogo, rangi ya maji lita 4 | andakoti lita 1, rangi ya mafuta lita 2, msasa | kitenge yadi 6, doti moja ya kanga |
| Muda | siku 2 hadi 3 | siku 4, kisha wiki ya kukomaa | siku moja ya cherehani |
| Kurudi kwenye nyeupe | praima na mikono (matabaka ya rangi) 2 au 3 | msasa, andakoti, mikono 2 | unavua tu |
| Nyumba ya kupanga | kwa ruhusa ya mwenye nyumba | samani zako tu | haina shida |

Kwa nini eneo dogo hushinda

Nyumba ya Rietveld Schröder iliyoko Utrecht, Uholanzi, ilijengwa mwaka 1924 na iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ndiyo inayotajwa kila mara rangi hizi tatu zinapozungumziwa pamoja. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya nje ni nyeupe na kijivu, fremu za madirisha ni nyeusi, na nyekundu, njano na bluu zimewekwa kwenye nguzo na boriti nyembamba. Kiti maarufu cha Gerrit Rietveld, aliyeibuni nyumba hiyo, kinafuata mtindo huohuo: kikalio cha bluu, egemeo jekundu, fremu nyeusi, na njano imepakwa mwisho tu wa kila mbao, pale ilipokatwa kwa msumeno. Vijipande hivyo vidogo vya njano ndivyo vinavyovuta macho kwanza.

Rangi kali hujirudisha. Ukuta mwekundu hutupa wekundu wake kwenye dari nyeupe, kwenye sakafu ya vigae na kwenye nyuso za watu walioketi. Ndiyo maana kipande kidogo cha sampuli dukani hudanganya: kikiwa kama kiganja huonekana cha kawaida, kikiwa mita 10 za mraba huonekana kimekolea mara mbili. Ukuta mzima wa nyekundu inayong'aa una tatizo jingine pia. Hufanana na maduka ya barabarani yaliyopakwa rangi za kampuni za simu, na mgeni akiingia ndicho atakachokiona.

Ukuta mzima

Nyekundu safi na njano safi hazifuniki. Rangi nyeupe hufunika kwa sababu imejaa titani dioksaidi, unga mweupe unaozuia mwanga usipenye. Rangi kali hutengenezwa kwenye besi, yaani rangi ya msingi, yenye unga huo kidogo sana, maana ukiwa mwingi nyekundu inageuka waridi. Hapo ndipo fundi anayekwambia atanunua nyeupe na kuichanganya na tyubu za nyekundu anapokosea. Hata amimine tyubu kumi, atapata waridi iliyokolea. Nyekundu inunuliwe ikiwa nyekundu.

Ukipaka nyekundu moja kwa moja juu ya ukuta mweupe, tegemea mikono minne, wakati mwingine mitano, na bado utaona njia za rola jua likipiga kwa ubavu. Dawa yake ni andakoti ya kijivu cha wastani. Juu ya kijivu, nyekundu hutulia kwa mikono miwili au mitatu. Rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa lita kwa kila mkono kwenye ukuta uliopigwa puti na kulainishwa, hivyo ukuta wetu wa mita 10.8 unataka lita 1.1 ya kijivu na lita 3.3 za nyekundu kwa mikono mitatu. Kopo la lita 4 linatosha na kubakiza. Ukuta wa plasta ya saruji isiyopigwa puti hunywa zaidi. Hesabu mita 6 hadi 8 kwa lita, na kopo hilo halitakutosha.

Njano ni kinyume chake. Usiiwekee kijivu chini, itaelekea ukijani. Inataka nyeupe safi isiyo na madoa, kwa sababu kila kilichopo chini huchungulia: alama ya penseli, puti ya rangi tofauti, hata doa la mkono. Hii ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwa ukuta mzima, na anayetaka njano afikirie mlango kwanza. Bluu ndiyo rafiki wa fundi. Iliyokolea hufunika kwa mikono miwili, mitatu ikizidi, na haipauki upesi kama nyekundu.

Kupauka kuna sababu yake. Nyekundu nyingi angavu na baadhi ya njano hutengenezwa kwa kemikali zinazovunjwa na jua. Nyekundu ya oksaidi ya chuma, ile inayofanana na udongo wa Tsavo, hudumu miaka, lakini si ya kuwaka. Kwa hiyo ukuta unaopigwa na jua la alasiri kupitia dirisha la magharibi usipewe nyekundu angavu. Weka bluu hapo, au chagua ukuta mwingine.

Makosa mengine ya ukuta huja kabla ya rangi. Plasta mpya ya saruji iachwe wiki nne kabla ya kupakwa. Alikali iliyomo hula baadhi ya rangi na kuacha mabaka yaliyopauka, na kwenye bluu mabaka hayo huonekana kuliko popote. Ukuta unaotoa chumvi kwa chini, jambo la kawaida Pwani, utasukuma rangi yoyote idondoke magamba. Kutibu unyevu ni kazi ya kwanza, hata kama itachelewesha rangi kwa msimu mzima. Nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama zile za Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe, zisipakwe rangi ya plastiki kabisa. Kuta zake zinapumua, na chokaa ndiyo nguo yake. Chokaa hupokea rangi kidogo tu, karibu asilimia 10 ya uzito wake. Ukizidisha, itachafua nguo za kila anayeegemea. Utapata bluu ya anga na njano ya ndizi mbivu, hutapata nyekundu ya kuwaka. Kwenye nyumba hizo, rangi kali iende kwenye milango.

Maji ya kuzimulia rangi nayo yasimamie mwenyewe. Asilimia 5 hadi 10 inatosha kwa mikono ya juu. Rangi iliyozimuliwa kupita kiasi huonekana sawa siku ya kwanza, kisha baada ya wiki ukipitisha kitambaa kikavu inabaki kwenye kitambaa. Ukinunua makopo mawili ya rangi iliyochanganywa kwa mashine, yamimine yote kwenye ndoo moja na kuyakoroga kabla ya kuanza, kwa sababu kopo na kopo hutofautiana kidogo na tofauti hiyo itakaa katikati ya ukuta. Hifadhi nusu lita kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni kwa ajili ya marekebisho.

Ung'avu uchague kwa hali ya ukuta. Rangi isiyong'aa huficha mabonde na vilima vya plasta, lakini kwenye bluu iliyokolea kila msuguano wa kiti huacha mstari mweupe. Inayong'aa kiasi inafutika kwa kitambaa chenye maji, ila hufichua kila dosari ya puti. Penye watoto chukua inayong'aa kiasi na ulipie puti nzuri. Hapo pesa haipotei.

Mpaka kati ya ukuta mwekundu na dari nyeupe ndipo kazi inapoonekana ni ya fundi au ya haraka. Bandika teipu ya karatasi, pitisha brashi ya nyeupe ya dari juu ya ukingo wa teipu na uiache ikauke. Nyeupe ndiyo itakayoingia kwenye vinjia chini ya teipu, nyekundu haitapata pa kupenya. Paka nyekundu, kisha vuta teipu mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka kabisa. Ukingoja kesho yake itang'oka na rangi.

Mbao na chuma

Hapa rangi kali iko nyumbani. Rangi ya mafuta inang'aa, inaoshwa, na eneo lenyewe lina kingo zake: mlango unaishia kwenye fremu, kiti kinaishia hewani. Mlango wa sentimita 90 kwa 210, pande zote mbili pamoja na fremu, ni karibu mita 5 za mraba. Viti vinne vya mbao vya kawaida ni mita 4 na nusu hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta huenda mita 12 kwa mkono, kwa hiyo kopo la lita 1 linamaliza mlango kwa mikono miwili. Viti vya njano huenda vikataka mkono wa tatu; hapo lita 1 itakubana, ongeza nusu.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Mbao yenye vanishi ya zamani isuguliwe kwa msasa namba 120 hadi ung'avu wote uishe, kisha 220, halafu ifutwe vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Anayeruka hatua hii atakwangua rangi yake kwa ukucha mwezi ujao. Fuata na andakoti, iache usiku kucha, pitisha msasa 220 kwa wepesi, kisha mkono wa kwanza wa rangi. Kati ya mkono na mkono subiri saa 16 hadi 24. Usizimue kwa tina ya rangi za magari: huchemsha mkono wa chini na kuufanya ukunjamane. Tumia tapentaini.

Mbao za paini zina vifundo vinavyotoa utomvu, na utomvu huo hupenya njano kama duara la kahawia baada ya miezi michache. Vifundo vizibwe kwa shelaki (vanishi inayozuia utomvu), mikono miwili, kabla ya andakoti. Kingo za MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, hunywa rangi na kubaki chakavu. Zipake puti laini, zisugue, ndipo ziendelee. Mninga na mvule acha vilivyo. Mbao hizo tayari zina rangi yake, na ukishazifunika kuzirudisha ni kazi ya siku nyingi za msasa.

Kwa grili na meza za chuma, kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na kama uko karibu na bahari, osha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi ili chumvi itoke. Praima ya oksaidi nyekundu, kisha rangi. Grili ya njano mbele ya dirisha hubadilisha chumba kizima, kwa sababu mwanga wa asubuhi unapita katikati yake.

Rangi ya mafuta haipendi jioni ya masika. Ukipaka saa kumi na moja na unyevu ukashuka, kesho utakuta ung'avu umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Paka asubuhi, maliza kabla ya saa nane. Na hata ikikauka mkononi, bado haijakomaa: wiki nzima usiweke kikombe cha chai ya moto wala kubebanisha viti.

Jambo moja halina mjadala. Njano na nyekundu za mafuta ndizo ambazo kwa miaka mingi zilibeba madini ya risasi kuliko rangi nyingine, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Nunua kopo lililoandikwa wazi kwamba halina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Mlango wa zamani wenye rangi ya mafuta usisuguliwe mkavu. Tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, na vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Kitanda cha mtoto anayetafuna mbao kisipakwe rangi kama huna uhakika na kopo.

Vitambaa

Kwa mpangaji hii ndiyo njia, na kwa asiyejua bado anapenda nini, vilevile. Udhaifu wake ni jua na maji.

Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5.5 kwa upana wa sentimita 115. Pazia la dirisha la mita 1.5, linaloshuka mita 2.2, linataka vipande viwili vya mita 2.45 pamoja na mapindo, yaani mita 4.9, na upana wake unatoa mikunjo ya karibu mara moja na nusu ya dirisha. Kitenge kimoja, dirisha moja. Kifue kabla ya kukikata, kwa sababu pamba inaweza kurudi hadi asilimia 5, na pazia lililoshonwa bila kufuliwa litapanda juu ya sakafu sentimita 12. Shona bitana nyeupe nyuma. Bila bitana, upande wa kioo utapauka mapema, nyekundu ikitangulia.

Kanga ina hesabu nyingine. Urefu wake ni sentimita 150 na kimo 110, haitoshi pazia refu ila nusu pazia la jikoni. Kwa mito ndipo inapofaa. Igawe kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 50 kwa 110, na kila kipande kinatoa foronya moja ya 45 kwa 45 yenye mgongo wa kukunja bila zipu. Doti moja, mito sita. Lakini pima kabla ya mkasi: vipande vya pembeni vitabeba pindo, cha katikati kitabeba mji (mchoro wa kati), na jina (maandishi ya kanga) litakatika vipande vitatu usipolihesabu. Ukitaka jina likae zima kwenye mto, chagua kanga yenye jina fupi na uweke mkato pembeni mwake.

Nyekundu mpya huchuja. Chovya kitambaa cheupe kwenye maji, sugua foronya mara kumi, na kikitoka na wekundu usiiweke juu ya kochi la krimu hadi uifue peke yake mara mbili tatu kwa maji baridi. Kuloweka kwenye chumvi hakuzuii. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi kiwandani, si baadaye. Anika kivulini, ndani nje.

Asiyeshona anaweza kutundika picha ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza sanaa hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya ubao wa hadibodi, na picha moja ya sentimita 60 kwa 60 hubeba rangi zote tatu bila kugusa ukuta wa mwenye nyumba.

Rangi ipi, chumba gani, taa gani

Jaribu kabla ya kununua kopo kubwa. Paka hadibodi ya mita moja kwa mita moja mikono miwili, iegemeze kwenye ukuta, itazame asubuhi, saa nane mchana na usiku. Usiku ndio unaosahaulika, na watu wengi hukaa sebuleni usiku. Taa nyeupe ya LED ya 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) huiua nyekundu ikaonekana kama kahawia iliyopoa, hasa taa za bei ya chini zisizotoa wekundu wa kutosha. Taa ya manjano ya 2700K au 3000K huipa nyekundu na njano uhai, ila bluu iliyokolea hukaribia weusi. Mara nyingi kubadilisha balbu ni rahisi kuliko kubadilisha rangi.

Bluu inafaa chumba cha kulala na ukuta unaopigwa na jua. Nyekundu inafaa mahali pa kupita, kama mlango wa mbele, ndani ya rafu au korido, kuliko mahali pa kukodolea macho saa nzima. Njano iende penye giza, jikoni au ngazini, kwa vipande. Dar es Salaam nyekundu na nyeupe pekee zitasomeka kama klabu ya soka ya Simba, njano na kijani kama Yanga. Bluu ikiingia kati, chumba kinakuwa chumba tena.

Ukizitaka zote tatu pamoja, moja iongoze kwa eneo, ya pili iwe kwenye vitu viwili vitatu, ya tatu iwe ndogo kabisa, na njano ndiyo inayostahimili udogo kuliko zote. Nyekundu na bluu zisigusane. Mpaka wao hutetemeka machoni. Weka mstari mweupe au mweusi wa sentimita 2 au 3 kati yao.

Na anza kununua kwa kitambaa. Kanga na vitenge vina rangi vilivyokuja nazo, lakini duka lenye mashine ya kuchanganya linaweza kuifuata nguo. Beba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kisicho na maua, chagua kwanza kopo la lita 1, dondosha tone la rangi juu ya kitambaa chenyewe na ulikaushe kabla ya kuondoka kaunta, kwa sababu rangi ya maji hukolea ikikauka.